Kiapo Kilichokatwa Kichwa

Broughton, katika jimbo la Buckinghamshire nchini Uingereza, kuna kanisa la mawe lenye picha ya ukutani iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 15. Bikira Maria ameketi, amempakata mwanawe aliyekwisha kushushwa msalabani. Picha za namna hiyo zilikuwa nyingi Ulaya nzima. Hii ina jambo la kutisha ambalo nyingine hazina: mwili uliopakatwa umenyofolewa viungo, na mifupa inaonekana. Maria na mwanawe wamezungukwa na vijana waliovaa mavazi ya mtindo wa siku zile, kila mmoja na kipande chake mkononi, huyu mguu, yule mkono, mwingine moyo, mwingine mfupa. Chini yao wawili wanapigana kwa ugomvi wa mchezo. Askari wa Kirumi hayumo hata mmoja. Waliomrarua Yesu ni vijana hawa wa Kiingereza, na walimrarua kwa midomo yao.

Picha ile ilikuwa onyo dhidi ya viapo. Wahubiri wa Uingereza ya zama hizo walifundisha kwamba anayeapa kwa mkono wa Mungu anaung'oa mkono huo, na anayeapa kwa damu yake anaimwaga upya. Waliomsulubisha walimtesa siku moja tu. Mwapaji humtesa kila siku, sokoni na kilabuni, huku akijiita Mkristo. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliyaingiza mafundisho hayo katika Canterbury Tales. Humo kuna vijana watatu walevi ambao viapo vyao vinauchana mwili wa Kristo vipande vipande, kisha wanatoka kwenda kumwua Mauti, nao wanaishia kuuana wenyewe kwa sababu ya dhahabu. Katika kitabu hichohicho padri mmoja wa kijijini anamkemea mwenye nyumba ya wageni kwa kuapa ovyo, na jibu analopewa ni kushukiwa kuwa mzushi wa dini. Mwaka 1509 mshairi Stephen Hawes alichapisha utenzi mzima ambao ndani yake Kristo mwenyewe anawasihi waapaji waache kumchana.

Naanza na ukuta ule kwa sababu neno ninalolifuatilia katika sura hii haliwezi kueleweka bila huo. Neno lenyewe ni Zounds, na siku hizi hutamkwa "zaundz". Msomaji wa leo akikutana nalo katika tamthilia ya kale, kamusi humwambia kwamba ni kihisishi cha mshangao au hasira, kilichopitwa na wakati. Kamusi haijakosea, ila imemwambia machache mno. Zounds ni majeraha ya Mungu. Kwa urefu wake Waingereza walisema "God's wounds", yaani naapa kwa majeraha aliyoyapata Kristo msalabani: mawili ya mikono, mawili ya miguu, na lile la ubavuni.

Majeraha hayo matano yalikuwa na ibada yake. Watu waliyasalia, waliyachonga kwenye viti vya kanisa, waliacha wosia wa misa kwa heshima yake. Mwaka 1536, Mfalme Henry VIII alipoanza kuzifunga nyumba za watawa, makumi ya maelfu ya watu wa kaskazini mwa Uingereza waliinuka kumpinga. Kiongozi wao alikuwa mwanasheria aitwaye Robert Aske. Waliita mwinuko wao hija, walikula yamini ya pamoja, na bendera waliyoibeba ilikuwa na picha ya majeraha matano. Mfalme aliwapa ahadi, wakatawanyika, naye akapata nafasi ya kulipiza kisasi. Aske alinyongwa mjini York mwaka 1537. Mwaka 1569 kaskazini iliasi tena, safari hii dhidi ya Malkia Elizabeth I, na bendera ya majeraha ikapandishwa tena.

Katika miongo hiyo ibada yenyewe ilizimwa. Kuta za makanisa zilipakwa chokaa, sanamu zikavunjwa, misa ya majeraha matano ikafutwa katika vitabu vya sala. Kizazi kilichozaliwa chini ya Elizabeth kilikua bila kuyaona majeraha yale kanisani. Kiliendelea kuyasikia mitaani tu, katika vinywa vya askari, wacheza kamari na vijana wa mjini wenye panga viunoni. Hilo ndilo jambo linalonigusa zaidi katika historia ya neno hili. Kitu kitakatifu kilifukuzwa mahali pake patakatifu, kikapata hifadhi kwenye matusi.

Lakini hata mlevi humwogopa Mungu kidogo. Kuitaja dhambi waziwazi ni vigumu, basi ulimi ukatafuta njia ya kuapa bila kuapa. Jina la Mungu lilikatwa. Katika Kiingereza mwenye kitu hutangulia na kitu hufuata, na kati yao husimama sauti moja ndogo ya "s" ambayo kazi yake ni ile ya kiunganishi chetu "ya". Mwapaji alimeza jina, akaiacha ile "s" iking'ang'ania neno linalofuata, na neno "wounds" likawa "swounds", kisha "zwounds", kisha Zounds. Kiapo kilikatwa kichwa, kikabaki kiwiliwili, na kila aliyekisikia alijua kichwa kilikuwa cha nani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Kenya watu huapa "haki ya nani", mara nyingi "aki ya nani", na wengine husema "aki" tu wakanyamaza. Asili yake inajulikana: ni haki ya Mungu. Jina limeondolewa na mahali pake pamewekwa kiulizi, ili aapaye asije akaulizwa kwa nini amelitaja bure. Ziko nyumba ambazo mtoto akisema "haki ya Mungu" hukemewa hapohapo, lakini "haki ya nani" hupita. Na wapo wazee wasiokubali hata hilo la pili, kwa sababu wao wanasikia kilichofichwa.

Waingereza hawakuishia kwenye majeraha. Damu ya Mungu ikawa "'sblood", kifo chake "'sdeath", mguu wake "'sfoot", kope za macho yake "'slid", nuru yake "'slight". Jina lenyewe liligeuzwa likawa "gad", "odd" au "cock". Bikira Maria akawa "marry", neno ambalo katika tamthilia za wakati huo limelegea hata halina uzito zaidi ya "basi" au "naam" yetu. Wafaransa walifanya vivyo hivyo kwa ustadi wao wenyewe: mahali pa Mungu, "Dieu", waliweka rangi ya buluu, "bleu", wakapata "parbleu", "morbleu" na "sacrebleu". Mtu akiapa kwa kifo cha buluu, hakuna kuhani atakayemshika.

Nani aliapa hivi? Si wahuni peke yao, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth mwenyewe alipenda kuapa kwa kifo cha Mungu, na mabalozi walitetemeka. Kiapo kizito kilikuwa alama ya ukoo. Shakespeare anaonyesha hivyo katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, iliyochapishwa mwaka 1598. Hotspur, kijana wa kikabaila mwenye damu moto, anamcheka mkewe Kate kwa sababu ameapa kiapo chepesi. Anamwambia kwamba anaapa kama mke wa muuza peremende, na kwamba mwanamke wa hadhi yake anapaswa kuapa kiapo kinachojaza mdomo. Mfanyabiashara mcha Mungu wa London huchagua maneno ya tahadhari. Mwana wa jemadari humwaga majeraha na damu bila kufikiri mara mbili.

Ndiyo maana waliotamani ukubwa walijifunza kuapa. Ben Jonson ana tamthilia, Every Man in His Humour, yenye askari wa majigambo aitwaye Bobadill ambaye viapo vyake ni vya ajabu, mpaka mguu wa Farao unaapiwa. Kijana wa shamba aitwaye Stephen anamtazama kwa kijicho, anavikariri, anavifanyia mazoezi peke yake apate kufanana na waungwana. Jonson alikuwa mtazamaji mkali wa watu, na hapa amegusa ukweli: kwa wengi Zounds lilikuwa limekwisha kuwa vazi. Mtu aliinunua sauti akasahau maana.

Hata matamshi yaligawa watu kwa tabaka. Mwaka 1698 George Farquhar, katika tamthilia yake Love and a Bottle, alimweka mhusika afafanue tofauti hiyo: namna moja ya kulitamka neno hili, yenye irabu ya "u", ni ya maofisa waliofukuzwa jeshini na wababe wa mitaani, namna nyingine, yenye "au", ndiyo ya vijana maridadi. Hii ya maridadi ndiyo iliyoshinda. Tazama hasara yake, kwa kuwa katika Kiingereza cha leo neno la jeraha hutamkwa kwa "u". Zounds na jeraha vimeacha kufanana hata masikioni.

Narudi nyuma kidogo, mwaka 1606, kwa sababu hapo ndipo serikali ilipoingilia. Tarehe 27 Mei mwaka huo, chini ya Mfalme James I, bunge lilikamilisha sheria ya kuzuia makosa ya waigizaji. Ilisema kwamba yeyote atakayelitaja kwa mzaha au kwa kufuru jina la Mungu, la Yesu Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu, katika mchezo wa jukwaani au wa maonyesho ya sikukuu, atatozwa pauni 10 kwa kila kosa. Nusu ya faini ilikwenda kwa mfalme, nusu kwa yule aliyeshtaki.

Pauni 10 zilikuwa fedha nyingi. Hesabu za Philip Henslowe, mwenye majumba ya michezo ya London, zinaonyesha kwamba katika miaka ya 1590 tamthilia mpya nzima ilinunuliwa kwa takriban pauni 6. Mtazamaji aliyesimama uwanjani alilipa peni moja, na pauni moja ilikuwa na peni 240. Kwa hiyo kiapo kimoja kilichomponyoka mwigizaji kingeweza kumeza viingilio vya watu 2,400 wa kusimama. Na kwa vile mshtaki alipata nusu, kila mwenye chuki au njaa katika umati alikuwa mlinzi wa sheria.

Waandishi walijibu haraka. Palipokuwa na Mungu pakawekwa mbingu. Wengine walirudi kwa miungu ya kale, kwa kuwa sheria iliwalinda Baba, Mwana na Roho, haikumlinda Jupita. Katika King Lear, iliyochezwa mbele ya mfalme tarehe 26 Desemba 1606, mzee Lear anaapa kwa Apolo, na mtumishi wake mwaminifu anamjibu kwamba anaiapia miungu bure. Jibu hilo lina ujasiri wake: Shakespeare ameweka jukwaani kosa lilelile ambalo sheria imelikataza, akalihamishia kwa miungu ambayo haikuwa na wakili bungeni.

Kwa tamthilia zilizokwisha andikwa kabla ya sheria, ilibidi kufuta. Athari yake inaonekana vizuri zaidi katika Othello, iliyochezwa mbele ya mfalme tarehe 1 Novemba 1604. Tunayo katika matoleo mawili ya kale. La kwanza ni la mwaka 1622, lililochapishwa na Thomas Walkley kwa umbo la kwarto, kijitabu cha karatasi iliyokunjwa mara mbili. La pili ni la mwaka 1623, ndani ya ile Folio kubwa iliyokusanya tamthilia 36 za Shakespeare. Kwarto ina viapo; katika Folio zaidi ya 50 vimeondolewa au kulainishwa.

Anayepoteza zaidi ni Iago, adui wa siri wa Othello. Katika Kwarto kinywa chake kinafunguka kwa damu ya Mungu, ndilo neno lake la kwanza kabisa katika mchezo. Baadaye katika onyesho hilohilo anamwamsha mzee Brabantio usiku, anampigia kelele kwamba ameibiwa binti, na kelele hizo anazianza kwa Zounds. Folio imeyafuta yote mawili. Iago wa Folio ni mwerevu na baridi. Iago wa Kwarto ni askari wa kambini ambaye utakatifu wowote ukifika mdomoni mwake huchafuka, na tunalijua hilo kabla hajatenda lolote. Mimi namwamini huyu wa Kwarto. Ubaya wake una harufu ya mahali alikolelewa.

Othello mwenyewe analitamka mara chache, na kwa uzito tofauti. Ni jemadari wa Venisi anayesifiwa kwa utulivu, Mwafrika aliyebatizwa, mwenye lugha ya heshima kuliko Waveneti wote wanaomzunguka. Usiku ule wa ugomvi huko Kipro, anapowaamuru askari wake waseme nani alianza na hakuna anayesema, anakiri kwamba hasira inaanza kumshinda akili, na hapo Zounds inamtoka. Ni ufa wa kwanza. Iago yuko pale anausikia. Katika Folio sentensi inaanza bila kiapo, na ufa hauonekani.

Lakini mahali ninaporudi mara kwa mara ni kwa mtu mdogo zaidi katika onyesho hilohilo, Montano, aliyekuwa gavana wa kisiwa. Cassio, naibu wa Othello, amelewa, amemchoma upanga. Montano anatazama damu isiyokatika na kusema kwamba ameumizwa vibaya, na katika Kwarto anaanza kwa Zounds. Mtu mwenye jeraha anayaapia majeraha. Katika Romeo and Juliet jambo hilo linatokea pia: Mercutio, rafiki wa Romeo, analitupa neno hilo kwa kejeli kabla ya ugomvi, hasimu wake Tybalt anapomsemesha kwa namna asiyoipenda, kisha analirudia akiwa amekwisha kuchomwa, akijua anakufa. Folio imeliondoa mara zote mbili, mara moja ikiweka neno jepesi la mtu kuitwa aje.

Watu hao wawili hawafanyi mchezo wa maneno, wanalia. Nadhani Shakespeare, mtu aliyezaliwa mwaka 1564 katika nchi ambayo bibi zake waliyasalia majeraha matano kwa magoti, alijua vizuri alichokiweka midomoni mwao. Katika vinywa vya wapenda ukubwa neno lilikuwa vazi, lakini mwili ukitobolewa maana yake iliweza kurudi mara moja. Mercutio na Montano wanatoka damu, na kilichobaki katika lugha yao cha kumwelekea aliyetoka damu kabla yao ni silabi moja iliyokatwakatwa. Msafishaji wa Folio alidhani anaondoa kufuru. Katika sehemu hizi mbili naona aliondoa sala.

Kwa nini Folio ilisafishwa, ikiwa sheria ya 1606 ilihusu jukwaa na haikugusa vitabu? Wanazuoni wanabishana. Wengine wanasema wachapaji walipewa nakala zilizokwisha kufutwa kwa ajili ya maonyesho. Wengine wanamtaja Ralph Crane, mwandishi wa nakala aliyekuwa na desturi ya kusafisha. Kazi yenyewe haikufanywa kwa mpango mmoja, na kuna ushahidi wa hilo. Katika King John, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza ndani ya Folio hiyohiyo, mwana haramu wa Mfalme Richard anasikia hotuba ndefu ya mtu wa mji wa Angiers, anashangaa jinsi alivyopigwa kwa maneno, na mshangao wake unaanza kwa Zounds, nzima, haikuguswa.

Zamani zile mabishano kuhusu viapo vya jukwaani yalifika hadi ikulu. Sir Henry Herbert, aliyekuwa afisa wa kukagua tamthilia, alikuwa mkali wa viapo. Mwaka 1634 alikata maneno mengi katika The Wits ya William Davenant. Davenant alikuwa na marafiki wakubwa, na Mfalme Charles I akamwita Herbert, wakakaa pamoja, wakaisoma tamthilia neno kwa neno. Mfalme akaamua kwamba maneno kama "death" na "slight" ni ya kutilia mkazo tu, hayana hadhi ya kiapo, basi yarudishwe. Herbert alitii. Kisha alikwenda kuandika katika daftari lake kwamba anamnyenyekea bwana wake, lakini kwa maoni yake yale ni viapo. Namheshimu sana Herbert kwa mstari huo. Mfalme alisikia sauti tupu. Mtumishi wake alisikia kifo cha Mungu na nuru ya Mungu, na hakukubali kujifanya hakusikia.

Katika hoja hiyo historia imempa mfalme ushindi, si katika mengine. Miaka minane baadaye, mwaka 1642, majumba ya michezo yalifungwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na mwaka 1649 Charles alikatwa kichwa. Wapuritani waliomshinda walitunga mwaka 1650 sheria ya viapo iliyotoza kwa cheo: shilingi 30 kwa bwana mkubwa, ikishuka hadi shilingi 3 na peni 4 kwa mtu wa kawaida. Sheria ya mwaka 1745 ilishika mtindo huohuo: kibarua, askari au baharia shilingi 1, aliye juu yao lakini chini ya muungwana shilingi 2, muungwana shilingi 5, na iliamriwa isomwe makanisani mara nne kwa mwaka. Ilidumu vitabuni hadi mwaka 1967.

Hata hivyo Zounds ilikufa bila kuuawa na sheria. Tarehe 17 Januari 1775, The Rivals ya Richard Brinsley Sheridan ilichezwa kwa mara ya kwanza Covent Garden, London. Humo yumo baba mkali, Sir Anthony Absolute, ambaye hulitupa neno hili kila anapomgombeza mwanawe, na ukumbi unacheka. Yumo pia Bob Acres, mtu wa shamba mwenye nadharia kwamba kiapo kinapaswa kulingana na mada: akizungumzia bastola huapa kwa vifyatulio na mawe ya cheche, na hivyo kwa kila jambo. Karne tatu na nusu zinamtenganisha Acres na vijana wa ukuta wa Broughton. Wao walishika mkono na moyo wa Mungu. Yeye ameshika chochote kilicho karibu. Baada yake neno lilikwenda kuishi katika riwaya za kihistoria na katuni, kwa maharamia na mashujaa wa panga, likiwaambia wasomaji kwamba hizi ni zama za zamani.

Waswahili hatukuwahi kukutana nalo kupitia tamthilia zile zilizotufikia mapema. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya kama Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Katika asili za Kiingereza za tamthilia hizo nne, Zounds haimo hata mara moja. Warumi wa Kaizari wana miungu yao, na Prospero wa Tufani ana uchawi wake.

Anayemtafsiri Mercutio au Montano hana pa kukimbilia. Atachukua nini? "Lahaula" ina historia inayofanana kabisa: ni dhikri ya Kiarabu, kwamba hakuna hila wala nguvu isipokuwa kwa Mwenyezi Mungu, iliyofupishwa na ndimi za pwani hadi ikawa mshangao. Lakini ukiiweka kinywani mwa Mercutio umemsilimisha, na "Wallahi" itafanya hivyohivyo. "Jamani" na "masalale" ni za mshangao tu, hazina mwili wala damu. Ukisema "kwa majeraha ya Mungu" umekirudishia kiapo kichwa kilichokwisha kukatwa, na mtu anayekufa kwa jeraha la upanga hana pumzi ya maneno manne. Mimi ningejaribu "haki ya nani" kwa Mercutio katika kejeli yake ya kwanza, kabla ya upanga, kwa sababu ina utundu uleule wa kuapa na kujificha. Kwa Mercutio anayekufa na kwa Montano ningeandika "Majeraha!" peke yake, neno lililovunjika, na ningemwachia mwigizaji jukumu la kulifanya lieleweke.

Waigizaji wa Kiingereza wana tatizo lao, kwa kuwa watazamaji hucheka. Onyesho ni la msiba, mtu anavuja damu, na neno la katuni linamtoka. Wengine hulimeza, wengine hulifuta, wakirudia bila kukusudia kazi ya 1623. Wahariri kwa upande wao wengi wamerudisha viapo vya Kwarto katika matoleo ya kisasa, wakitumia Folio kwa mambo mengine. Ukipata Othello ya Kiingereza mkononi, ni rahisi kujua umepewa ipi. Soma maneno ya kwanza ya Iago uone kama yanaanza kwa damu au kwa malalamiko matupu kwamba hasikilizwi. Kisha nenda kitendo cha 2, onyesho la 3, umtafute Montano baada ya upanga wa Cassio kumfikia, na usome sentensi yake kwa sauti mara mbili, mara moja bila neno lile na mara moja ukiwa nalo, ukilitamka kwa irabu ya "u" kama wale maofisa waliofukuzwa jeshini.